Mwaka Vyeti Vilipoanza Kufa

Tulimzika Papa Saidi, aliyekuwa tajiri wetu kazini, siku ya Alhamisi, na kwenye hitima yake, pale Kimanga, niliketi sinia moja na Déo, mwenzangu wa kazi ya zamani, kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba. Sinia lilikuwa la pilau, tumelizunguka watu watano juu ya mkeka, na Déo akala kwa mkono wa kushoto. Mzee mmoja aliyekaa upande wa pili alimtazama mpaka akasahau kutafuna. "Weye kijana," akamwambia, "mama yako hakukufundisha mukono wa kula?" Déo akacheka. Akautoa mkono wa kulia uliokuwa umelala mapajani chini ya kitambaa, akauweka juu ya mkeka mbele ya mzee kama muuzaji anayekubali kwamba samaki ni wa jana. Vidole vitatu vilikuwa vimekunjamana kuelekea kiganjani, na kile cha shahada kilitazama upande ambao kidole cha mtu hakitazami. "Huu ulifundishwa, Mzee," akasema. "Ulifundishwa sana." Mzee akasema astaghfirullah, akamsogezea mfupa wenye nyama nyingi. Mimi nikaomba maji, na sikuwa na kiu.

Ule mkono ndio ulionirudisha nyumbani niandike. Kurudi nyumbani, kwa kweli, ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Mimi ni Shabani, nina miaka thelathini na tatu, umri ambao kwetu Uvira unamtosha mtu kuitwa mzee kama anajua kunyamaza, na katika miaka hiyo yote sijawahi kulala nje ya kitanda changu kwa kupenda. Wenzangu walikwenda Bukavu kusoma, wengine walivuka mpaka na kuoa hukohuko. Mimi nilipata diploma ya Leta, yaani ya serikali, ya sekondari, nikarudi, nikakaa. Mama Feza, jirani yangu, alikuwa akiwaambia wageni wa avenyu yetu: "Nyumba zingine ziko na mulinzi. Ile iko na Shabani." Habari za babu zangu, nani alitoka upande gani wa ziwa na aliuza nini, nawaachia mashangazi. Wanazisimulia vizuri, na kila mwaka kwa namna mpya.

Mwaka ninaotaka kuusema nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mimi na Déo tulimfanyia kazi Papa Saidi katika chumba kimoja kilichobanwa kati ya mshona nguo na muuza unga wa muhogo, ndiyo maana kila ordinatere, kila kompyuta, tuliyoifungua ilikuwa na vumbi jeupe na vipande vya nyuzi tumboni. Tulitengeneza mashine na kutandika mitandao: maduka, shule, ofisi ndogo za barabarani mpaka Makobola. Saa sita Papa Saidi alisukuma waya pembeni kwa kiwiko, akaweka bugali na ndagala wa kukaanga katikati ya meza ya kazi, na tukala pale pale, tukitemea miiba kwenye kifuniko cha betri iliyokufa. Déo alikuwa wa Bwegera, bondeni, mtoto wa wakulima wa mpunga, Mkatoliki wa kubeba rozari mfukoni pamoja na bisibisi, na Kirundi chake kilimtoka kila aliporushwa na kuran ya umeme. Vidole vyake vilikuwa kitu cha kutazama. Nyuzi nane za kable alizipanga kwa rangi zake na kuzibana kwa koleo huku akiongea na mteja, bila kuzitazama, katika muda wa Salamu Maria moja. Mimi, alikuwa akisema, nilihitaji rozari nzima na litania juu yake.

Sote wawili tulikuwa na cheti cha mitandao cha kampuni moja ya mbali, ya nchi ambazo theluji huanguka juu ya watu na hawashangai. Tulikuwa tumefanya mtihani siku moja, Bujumbura, tukiwa na miaka ishirini na miwili, enzi ambazo mpaka ulivukwa kwa salamu na utani kidogo. Cheti hakikuwa na tarehe ya mwisho. Ulikipata, ukazeeka nacho. Papa Saidi aliviweka vyote viwili kwenye fremu, ukutani, chini kidogo ya Aya ya Kursi, na kila mteja aliyelalamika alionyeshwa kwanza aya, kisha vyeti. Kwangu mimi, mtu wa sekondari tupu, karatasi ile ilikuwa chuo kikuu changu, safari yangu ya ng'ambo, na pengine mke wangu wa kwanza. Nilikuwa na nakala yake ndogo, nimeifunika kwa plastiki, naibeba kila mahali. Nilisema kila mahali. Nataka kusema, kati ya nyumbani na kazini.

Mwaka ulianza vibaya na uliendelea kama ulivyoanza. Mwezi wa kwanza walimpiga mtu mbele ya mlango wetu kwa sababu ya paneli ya jua. Sijui kama aliiiba. Nilichoona ni watu wapatao ishirini na matofali, na sauti ya tofali kwenye mbavu, ambayo si kubwa kama mtu anavyofikiri. Papa Saidi akapiga kelele, "Shusha mulango! Shusha!" Nikaushusha mbio sana, ndiyo kazi pekee niliyoifanya kwa haraka mwaka ule. Nilipogeuka, Déo hakuwa ndani. Alikuwa amepita chini ya bati likishuka, na tulimsikia nje akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba njia, "Batu, inatosha. Amekwisha kuelewa. Inatosha, sha." Alirudi na paji lililopasuka na shati lenye damu isiyo yake. Yule mtu aliishi. Papa Saidi alimfokea Déo mpaka machozi yakamtoka, yeye Papa Saidi, si Déo. Mimi nilikuwa nimeshahesabu skrubu zote za kopo mara mbili.

Mwezi wa pili tulikuwa kwenye barabara ya Makobola, Déo anaendesha pikipiki, mimi nyuma nimekumbatia ngazi, tukakuta kamba imevutwa njiani na wanaume wenye mapanga na bunduki moja. Walitulaza kifudifudi kwenye mchanga. Mmoja akasema, "Karatasi." Mimi kwa woga, badala ya kitambulisho, nikatoa cheti changu cha plastiki. Akakigeuza huku na huku. "Hii inasema nini?" Déo, mdomo umejaa mchanga, akajibu, "Inasema tuko mafundi ya mitandao, shefu." Shefu akakitafuta kitu kwa kidole, hakukiona. "Inaisha lini?" Nikasema kwa fahari, Mungu anisamehe, kwamba haiishi. Akanipiga mgongoni kwa ubapa wa panga, mara moja, halafu ya pili, halafu ikawa anapiga kwa mpango kama mtu anayepigapiga godoro. "Karatasi," pigo, "yenye haiishi," pigo, "iko ya uongo." Walichukua ngazi, simu mbili na viatu vya Déo. Cheti alinirudishia. Nililala kwa tumbo siku nne, na Déo alikuja kila jioni kunipaka mafuta ya mawese mgongoni na kunicheka. "Fundi wa milele," alikuwa akisema, "geuka kidogo."

Kabla mgongo haujapona, kampuni ikatuandikia. Ilikuwa barua pepe ndefu yenye picha ya watu wanaotabasamu. Kuanzia mwaka ule kila cheti kitaishi miaka mitatu. Vile vya zamani, vilivyotolewa bila mwisho, navyo vimepewa mwisho: siku ya mwisho ya Desemba. Kabla ya hapo mwenye cheti akusanye pointi kwa kusoma masomo ya video, au afanye mtihani mpya. Akichelewa siku moja, cheti kimekufa, na yeye ataanza upya kutoka mtihani wa kwanza kabisa, kama mtu ambaye hajawahi kushika kable. Déo aliisoma kwa sauti, akaacha, akaisoma tena. "Yule shefu wa Makobola," akasema, "kumbe iko mufanyakazi wao." Tulicheka mpaka mshona nguo akaja kuuliza. Papa Saidi peke yake hakucheka. Mkataba wetu mkubwa ulikuwa na hospitali moja, na hospitali ilidai fundi mwenye cheti, na mwezi huohuo wakaongeza neno moja: cheti kilicho hai. "Wanangu," akasema, "minye nawapenda wote wawili. Lakini mwaka mupya, mwenye karatasi yake imekufa, sina kiti cha kumupa."

Tulianza na pointi. Somo moja la video lilikuwa la dakika arobaini na lilitufikia kwa siku tatu. Mwalimu mwenye ndevu alifungua kinywa Jumatatu na neno likatoka Jumanne. Kufikia Agosti tulikuwa na pointi ambazo hata kwa kadi ya chanjo ya mtoto ni chache. Tukabaki na mtihani. Kituo kilikuwa Bujumbura, na mpaka ukafungwa, ukafunguliwa wiki mbili, ukafungwa tena. Milimani walikuwa wakipigana, kisha bondeni, na sare za wenye bunduki zilibadilika haraka kuliko sheria za vyeti. Ndipo Déo akagundua kwamba kampuni iliruhusu kufanya mtihani nyumbani, mbele ya kamera ya ordinatere, huku msimamizi akikutazama kutoka asikokujua mtu. Alinisomea masharti tukiwa tumekaa kwangu, tunakula sombe. Uwe peke yako chumbani. Onyesha kuta nne na chini ya meza. Mlango ufungwe na uonekane nyuma yako. Usitoke mbele ya kamera. Usiongee. Sauti ya mtu mwingine isisikike. Hakuna simu, hakuna karatasi, hakuna kitu masikioni. "Yaani," akasema Déo, akifuta mdomo, "ukae mu nyumba, usitoke, usione muntu, usiseme kitu. Shabani! Mutihani huu wamekutungia weye!"

Mashine nzuri ilikuwa moja, ya Déo. Nyumba nzuri ilikuwa moja, yangu: matofali ya kuchoma, sakafu ya simenti, mlango wa chuma wenye komeo nene kama mkono, ambao niliuagiza mwenyewe na kuupenda kuliko nilivyopaswa. Tukapata nafasi mbili mwezi wa kumi na moja, siku mbili zinazofuatana, saa nne asubuhi. Jumanne mimi, Jumatano yeye. Nilisema tupige kura nani atangulie, akakataa. "Anza weye, mwoga. Weye ukifaulu, minye nitafaulu nimelala." Na kwa ajili ya kelele za avenyu, Déo akasema atanishikia mlango. Hii kwetu ni kawaida. Nyumba ikiwa na mama anayejifungua, au mgonjwa aliyepata usingizi, au watu wanaoomba, mtu wa karibu anaweka kiti nje ya mlango anakaa, na kila anayekuja anaambiwa taratibu, leo hakuna hodi. Mtu akiona kiti na mwenye kukaa, anajua ndani kuna jambo zito, anapita. Tulikuwa tumefanya hivyo maisha yetu yote, na hakuna aliyewahi kufikiria mlango ulioshikwa unaonekanaje kwa mtu asiyetoka kwetu.

Asubuhi ile tulikunywa chai na mihogo ya kuchemsha. Déo aliweka modemu dirishani, akaunganisha betri, akajaribu kamera, akaniambia nyusi zangu zitamtisha msimamizi. Saa nne kasoro alichukua kiti cha mbao akatoka. Nikashusha komeo. Msimamizi hakuwa na sura. Alikuwa maandishi ya Kifaransa pembeni mwa skrini. Nikamwonyesha kuta, kitanda, chini ya meza, masikio yangu moja moja. Akaandika: Unaweza kuanza. Maswali hamsini. Kwa saa nzima nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika jimbo la Kivu Kusini. Nyuma ya mlango nilimsikia Déo akikohoa kidogo, na mara moja akimwambia mtu kwa kunong'ona, "Leo hapana hodi, mama, ni egzame."

Risasi za kwanza zilitoka juu, milimani, na hizo tulizizoea. Nilijibu swali la thelathini na tano huku zikilia. Zile za pili zilikuwa chini, upande wa soko. Kisha zikawa kwenye avenyu, na mtu aliyezisikia karibu anajua kwamba hazilii, zinapasua. Msimamizi akaandika: Kelele hizo ni nini? Nikajibu: Fataki. Jirani anaoa. Nje miguu ilikuwa inakimbia, mingi, na mlango wangu ukapigwa kwa viganja. Nyumba yangu ndiyo ilikuwa ya matofali. Kila vita nyumba yangu ndiyo ilijaa, watoto kumi na tano kwenye ukumbi, Mama Feza juu ya kitanda changu na sufuria zake. "Shabani! Fungua! Niko na wana! Shabani!" Na sauti ya Déo, ya chini, ya haraka: "Mama, hapa hapana. Kimbia kanisani, kule kuko ukuta. Lala chini ukifika. Twende, twende, nawasindikiza." Msimamizi: Nasikia sauti ya mwanamke. Uko peke yako? Nikaandika: Niko peke yangu. Ni wageni wa arusi. Hili ni onyo la kwanza, akajibu.

Nilidhani Déo angebaki kanisani. Mtu yeyote angebaki kanisani. Baada ya muda mfupi nilisikia kiti cha mbao kikikwaruza simenti ya kibaraza, na nikajua amerudi, amekaa. Hakugonga. Hakuita. Alijua masharti kuliko mimi, alikuwa amenisomea yeye.

Walikuja watu watatu au wanne. Sikuwaona, lakini buti zao nilizihesabu. Walichokiona wao ni avenyu tupu, nyumba zote zimekimbiwa, na mbele ya mlango mmoja wa chuma, mtu amekaa kwenye kiti kama askari wa benki. "Weye. Unalinda nini?" Déo akasema, hakuna kitu. "Muntu hawezi kulinda hakuna kitu. Iko nini mule?" "Iko ndugu yangu, shefu. Anafanya egzame." Wakacheka, kicheko cha kweli, cha watu waliosikia jambo zuri. "Egzame ya nini?" "Ya kable." Nilisikia pigo la kwanza na kiti kikianguka. "Fungua." "Imefungwa ndani, shefu." "Mwambie afungue." Nilingoja Déo aniite. Naandika haya leo na bado nangoja. Akasema, "Nikimuita, egzame yake inakufa."

Niliinuka. Hilo nalisema si kwa kujitetea, ni kwa sababu lilitokea. Nilisukuma kiti nyuma, nikasimama, nikageukia mlango, na skrini ikawa nyekundu ukutani mbele yangu kama kuna moto chumbani. Rudi mbele ya kamera. Onyo la mwisho. Buti likapiga mlango, komeo likashika. Nje walikuwa wamemlaza. Mmoja akasema, "Lete ule mukono anaonyesha nao mulango. Uweke pale," na pale ilikuwa ngazi ya kibaraza, nililielewa baadaye. Nikavuta kiti, nikakaa. Swali la arobaini na moja liliuliza hivi: mtumiaji anasema hapati huduma, fundi afanye nini kwanza? Kitako cha bunduki kikashuka. Déo hakulia mara ya kwanza. Mara ya pili alitoa sauti ambayo nilikuwa nimeisikia kwa mbuzi tu, siku za Idi. Nikachagua jibu la tatu: amsikilize mtumiaji aeleze tatizo. Lilikuwa sahihi. Yote niliyoyajibu kutoka pale yalikuwa sahihi, niliona kwenye matokeo. Walimpiga kwa swali la arobaini na mbili, na la arobaini na tatu, na kwa la arobaini na nne aliita kwa Kirundi mtu ambaye si mimi. Msimamizi hakuandika tena. Pengine naye aliamini kwamba kwetu arusi ziko hivyo. Kisha gari lenye bunduki kubwa likapita barabarani likifyatua, buti zikakimbia, na nikabaki na kimya na maswali manne. Nikayajibu pia.

Umefaulu, ikaandika, na karatasi ndogo za rangi zikanyesha kwenye skrini. Ndipo nikainua komeo. Déo alikuwa amekaa, mgongo umeegemea ukuta, meno mawili kwenye shati, na mkono wake wa kulia juu ya paja ulikuwa kitu kingine, kitambaa kilichokamuliwa na kuachwa. Alinitazama kwa jicho lililofunguka. "Umepata?" Nikasema ndiyo. "Basi," akasema. Nikampandisha mgongoni, mimi ambaye sijawahi kubeba hata gunia la makaa kwa hiari, nikamkimbiza kwenye kituo cha afya kupitia nyuma ya nyumba, risasi bado zinapasuka upande wa bandari. Njiani aliniuliza sikioni, "Ulisikia?" Nikajibu mbio, jibu lilikuwa tayari: "Hapana. Nilikuwa na ekutere masikioni." Kichwa chake kikalala begani mwangu. Nilifikiri amezimia.

Daktari wa mifupa alikuwa amekimbia na wengine. Muuguzi alimfunga Déo kwa vipande vya ubao na bandeji, na mifupa ikaungana ilivyotaka. Jumatano saa nne kasoro ordinatere iliita juu ya meza yangu kumkumbusha mtihani wake. Niliitazama mpaka ikaacha. Niliiandikia kampuni kurasa mbili juu ya vita. Jibu lilifika kwa dakika moja, linasema kuahirisha kunaombwa saa ishirini na nne kabla, na linanitakia siku njema. Desemba ilipoisha, Papa Saidi alipanda kwenye kigoda akaitoa fremu moja ukutani, akashindwa kushuka, akakaa juu ya kigoda ameishika mapajani. Déo alirudi Bwegera kwenye mpunga. Mwaka uliofuata kampuni ikabadilisha tena: kuhuisha cheti sasa ni somo moja fupi la bure, nyumbani, bila kamera, bila msimamizi, unaweza kulifanya umevaa taulo. Ni kwa wale tu ambao vyeti vyao viko hai. Nimelifanya mara mbili. Mama Feza na watoto wake walifika kanisani salama siku ile, na tangu hapo tunasalimiana vizuri, lakini ule utani wa mlinzi hajaurudia, na vita vilivyofuata watu wa avenyu hawakuja kwangu.

Alhamisi, watu walipoanza kunawa, Déo alibaki amekaa. Alikuwa amenenepa kidogo, ana watoto watatu, alikuwa amenichekesha mchana kutwa. Yule mzee aliyeuliza habari ya mkono alikuwa amelala palepale alipokaa. Déo akasema, bila kubadilisha sauti, "Shabani."

"Naam."

"Ekutere zilikuwa zimekatazwa."

"Najua."

"Minye ndiye nilikusomea."

"Najua, Déo."

Akaokota punje za pilau kwenye mkeka, moja moja, akazirudisha kwenye sinia. "Nilisikia kiti. Nikasema, anakuja. Kisha nikakisikia tena, nikasema, hapana, amekaa. Sikukasirika, sha. Weye unanijua. Nilijiambia, huyu iko karibu kumaliza, amebakiza moja, mbili. Amalize. Hata ningekuwa minye, moja, mbili, ningemaliza. Nimekaa nayo hivyo miaka saba, na ilikuwa inakalika." Akainua macho. "Ulikuwa swali la ngapi?"

Ningeweza kusema nimesahau. Nina kipaji cha kuwa na jibu tayari. Lakini Papa Saidi alikuwa chini ya udongo tangu adhuhuri, na sikuwa na mtu mwingine tena aliyetujua wote wawili.

"Wakati nilikaa tena? La arobaini na moja."

"Na yalikuwa hamsini."

"Hamsini."

Midomo yake ilisogea kidogo, kama mtu anayepanga nyuzi kwa rangi. Nje walikuwa wanaita watu kwa dua ya mwisho. Akaegemea kiganja cha kushoto, akasimama, akatafuta viatu vyake kwa mguu.

"Kumi," akasema. "Minye nilisema mbili."

Akatoka kwenda kukaa na wengine.